Gabapentini na saratani ya ubongo: habari iliyosomwa kwa haraka

Kuna habari ambayo tangu mwaka 2025 imekuwa ikirushwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine, hasa kwenye familia zenye mgonjwa wa saratani: kwamba gabapentini, kidonge ambacho wengi wanakijua kwa maumivu ya neva na miguu inayowaka moto kwa wenye kisukari, kinarefusha maisha ya mtu mwenye uvimbe mbaya wa ubongo. Habari hii haikutungwa. Chanzo chake ni utafiti uliochapishwa mwaka huo kwenye jarida la Nature Communications na madaktari wa Boston na San Francisco. Walioipokea kwa furaha wamekwenda moja kwa moja duka la dawa. Walioipokea kwa mashaka wameipuuza wakisema ni takwimu tu za mafaili ya hospitali. Naona pande zote mbili zimesoma haraka. Watafiti hawakuiokota gabapentini kwenye rafu kwa bahati. Waliifuata kwa sababu kuna ushahidi kwamba inakata mawasiliano fulani kati ya uvimbe na seli za neva zilizo jirani. Hoja yangu ni hii: uvimbe wa ubongo unaishi kwa kulishwa na kulindwa na seli zisizo na saratani zinazouzunguka, na maendeleo ya kweli ya matibabu yatatokana na kuyavuruga mazingira hayo sambamba na kuushambulia uvimbe wenyewe. Gabapentini inaweza kuja kushindwa kwenye majaribio na hoja hii ikabaki palepale.

Uvimbe unaozungumziwa ni glioblastoma, saratani inayoongoza kwa wingi kati ya zile zinazoanzia ndani ya ubongo wa mtu mzima, na iliyo kali kuliko karibu zote. Matibabu yake ya msingi yaliwekwa mwaka 2005, pale jaribio lililoongozwa na Roger Stupp kwa wagonjwa 573 lilipoonyesha kwamba kuongeza vidonge vya temozolomaidi, dawa ya kuua seli za saratani, juu ya mionzi kunasaidia. Kusaidia kwenyewe kulikuwa hivi: waliopewa mionzi peke yake, nusu yao walikuwa wamefariki kufikia miezi 12.1, walioongezewa temozolomaidi, nusu yao walifika miezi 14.6. Miaka ishirini imepita na msingi bado ni uleule: upasuaji, mionzi, temozolomaidi. Katika kipindi hichohicho saratani ya ngozi ya melanoma na baadhi ya saratani za mapafu zimepata dawa zilizobadilisha kabisa maisha ya wagonjwa. Kwa nini ubongo umebaki nyuma? Jibu la kawaida ni kwamba daktari wa upasuaji hawezi kuutoa uvimbe wote kwa sababu seli zake zimejipenyeza mbali, na kwamba kuta za mishipa ya damu ya ubongo zinazuia dawa nyingi kupita. Yote mawili ni kweli. Ila kuna sababu ya tatu ambayo haisemwi sana nje ya maabara.

Kipande cha glioblastoma kinachotolewa kwenye kichwa cha mtu si rundo la seli za saratani tupu. Theluthi moja, na wakati mwingine karibu nusu ya seli zilizomo, ni askari wa kinga ya mwili: mikroglia, ambazo ni wakazi wa kudumu wa ubongo, na makrofeji zilizotoka kwenye damu. Zilikuja kusafisha. Uvimbe unazimwagia kemikali zinazozibadilisha tabia, hadi zinaanza kuutengenezea mishipa ya damu na kuwafukuza askari wengine. Seli T, zile zinazotegemewa na dawa za kisasa za kinga, ni chache humo ndani na zimechoka. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha kwamba kwa wagonjwa hawa nyingi hubaki zimefungiwa kwenye uboho wa mifupa, hazitoki kabisa. Ndiyo maana nivolumabu, mojawapo ya dawa zilizoleta mageuzi kwenye melanoma, ilipojaribiwa kwa wagonjwa 369 ambao glioblastoma yao ilikuwa imerudi, haikuwazidishia maisha kuliko dawa waliyolinganishwa nayo: miezi 9.8 kwa 10.0. Dawa ya kuamsha seli T haina kazi mahali ambapo seli T ni adimu.

Hadithi ya makrofeji na mikroglia ilianza kujulikana mapema. Iliyoshtua zaidi ni ya seli za neva. Mwaka 2015 maabara ya Michelle Monje pale Stanford ilionyesha kwamba seli za neva zikifanya kazi zinatoa protini iitwayo neuroligini-3, na uvimbe wa aina ya glioma, jamii ambayo glioblastoma imo, unaitumia kukua. Mwaka huohuo Frank Winkler na wenzake wa Heidelberg, Ujerumani, walieleza jinsi seli za glioblastoma zinavyorefusha mirija myembamba sana inayoziunganisha zenyewe kwa zenyewe, mtandao unaozisaidia kuhimili mionzi. Kisha, Septemba 2019, vikundi vya pande zote mbili vikachapisha kwa pamoja kwenye jarida la Nature jambo ambalo wengi wasingelikubali miaka kumi kabla: seli za neva zinaunda sinapsi halisi, yaani viungo vya kupitishia ujumbe, na seli za saratani. Neva inamwaga glutameti, kemikali ya kuchochea, seli ya saratani inaipokea kwa vipokezi vyake, inapata msisimko wa umeme, inasonga mbele na kugawanyika. Utafiti wa tatu uliotoka sambamba nao, wa kikundi cha Douglas Hanahan huko Uswisi, ulionyesha kwamba hata seli za saratani ya matiti zilizosafiri hadi ubongoni hujisogeza karibu na sinapsi na kunufaika na glutameti hiyohiyo. Mwaka 1889 daktari wa London, Stephen Paget, alipochunguza vifo 735 vya saratani ya matiti, alisema mbegu ya saratani haioti ila kwenye udongo unaoikubali. Kilichoongezeka sasa ni kwamba udongo huu una umeme.

Hapo ndipo kifafa cha wagonjwa hawa kinapopata maana mpya. Tumezoea kukiona kama dalili: uvimbe unakandamiza ubongo, mtu anaanguka. Lakini uvimbe wenyewe unamwaga glutameti na kuzichokoza neva, na neva zilizochokozwa zinaulisha uvimbe. Ni mzunguko. Mwaka 2023 kikundi cha Shawn Hervey-Jumper cha San Francisco kilifuatilia jambo hili kwa wagonjwa waliokuwa macho kwenye meza ya upasuaji, elektrodi zikiwa zimelazwa juu ya ubongo wao huku wakitaja majina ya picha walizoonyeshwa. Sehemu zilizovamiwa na uvimbe ziliitikia wakati mgonjwa akitafuta neno, hata sehemu zilizo mbali na zile zinazohusika na lugha. Wenye uvimbe uliounganika sana na ubongo waliishi muda mfupi zaidi. Seli za uvimbe za sehemu hizo zilikuwa zikitoa protini ya trombospondini-1, inayohamasisha sinapsi mpya kuundwa. Na gabapentini, dawa ya miaka mingi, inajulikana tangu 2009 kwamba inaziba kipokezi cha protini hiyo. Walipowapa panya, uvimbe ulipunguza kasi. Kwa hiyo walipofungua mafaili ya wagonjwa walikuwa wanatafuta kitu walichokuwa na sababu ya kukitegemea.

Walichokipata ni hiki. Boston, kati ya wagonjwa 693, waliowahi kupewa gabapentini kwa sababu nyingine, hasa maumivu, nusu yao waliishi hadi miezi 16 au zaidi. Wasiopewa, miezi 12. San Francisco, kwa wagonjwa 379, ilikuwa miezi 20.8 kwa 14.7. Kiwango cha trombospondini-1 kwenye damu kilikuwa chini kwa waliotumia dawa. Hospitali mbili, mwelekeo mmoja, na maelezo ya kibaiolojia nyuma yake: si jambo la kudharau. Lakini mafaili yana mtego, na ni lazima tuuone vizuri. Mgonjwa aliyefariki mwezi wa tatu alikuwa na miezi mitatu tu ya kuandikiwa gabapentini. Aliyeishi miaka miwili alikuwa na kliniki kumi, maumivu kumi, nafasi kumi za kuandikiwa. Ukiwagawa baadaye kwa kuangalia nani aliwahi kuitumia, kundi la watumiaji lina hatari ya kujaa watu ambao tayari walikuwa wanaishi muda mrefu. Watakwimu wana njia za kupunguza kosa hili, hakuna njia ya kulimaliza ila kugawa wagonjwa kwa kura tangu siku ya kwanza.

Tena tumeshaumwa hapa. Mwaka 2011 uchambuzi mpya wa takwimu za lile jaribio la Stupp ulionyesha kwamba waliotumia valproeti, dawa ya kifafa, kama vile waliishi zaidi. Madaktari wakaanza kuipendelea. Mwaka 2016 takwimu za wagonjwa 1,869 kutoka majaribio manne zikawekwa pamoja, na faida ile ikayeyuka: valproeti haikurefusha maisha, wala levetirasetamu, dawa nyingine ya kifafa. Anayenunua gabapentini leo kwa ajili ya uvimbe anunue akijua historia hiyo, na akijua pia kwamba dawa hii inalewesha, inazidisha usingizi, inaweza kudhoofisha upumuaji ikichanganywa na mofini au tramadoli, inahitaji kipimo cha chini kwa mwenye figo dhaifu, na ikikatishwa ghafla inaweza kuleta kifafa kilekile kinachoogopwa. Mimi nisingemshauri mtu aianze bila daktari wake.

Sasa niwageukie wanaopinga mwelekeo wenyewe. Wapo wanaosema saratani ni ugonjwa wa jeni, na kwamba tukipiga jeni iliyoharibika mazingira yatajirekebisha. Hoja hii ni nzito. Vorasidenibu, dawa inayozuia kimeng'enya cha IDH kilichoharibika kwenye glioma za daraja la chini, ilisogeza muda wa uvimbe kuanza kukua tena kutoka miezi 11.1 hadi 27.7 katika jaribio la wagonjwa 331 lililotolewa mwaka 2023, na Marekani ikaiidhinisha mwaka uliofuata. Hakuna dawa ya kuvuruga mazingira iliyofikia hapo. Lakini glioblastoma, kwa fasili inayotumika tangu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021, ni ile isiyo na kasoro hiyo ya IDH. Ndani ya uvimbe mmoja kuna seli zenye kasoro tofauti. Ukiua kundi moja, jingine linachukua nafasi. Tuliona mwaka 2024 huko Boston, seli T zilizorekebishwa maabara zilipoingizwa kwa wagonjwa watatu: uvimbe ulisinyaa kwa siku chache, picha zikaenea dunia nzima, na kwa wawili kati yao ukarudi ndani ya miezi. Tena hata IDH yenyewe ina ushahidi upande wangu, kwani kemikali inayozalishwa na kimeng'enya kilichoharibika inazilemaza seli T na inafanana na glutameti kiasi cha kuhusishwa na kifafa cha wagonjwa hao. Kuizuia ni kusafisha mazingira pia.

Hoja inayonisumbua zaidi ni nyingine: dawa za kuvuruga mazingira zimeshajaribiwa na kuanguka. Bevasizumabu, inayokata mishipa ya damu ya uvimbe, ilifanyiwa majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa 2014. Picha zilipendeza, maisha hayakurefuka. Mwaka 2013 dawa ya kuzibadilisha makrofeji ilitibu panya kwa namna ya kushangaza, na dawa ya aina hiyo ilipopewa wagonjwa 37 haikufua dafu. Talampaneli, iliyoziba vipokezi vya glutameti miaka kabla ya sinapsi hizi kugunduliwa, haikuonyesha nguvu kwa waliorudiwa na uvimbe. Sina jibu la kuifuta rekodi hii. Ninachokiona ndani yake ni kwamba karibu kila mara ilitumika dawa moja, nyingi zikipewa watu ambao uvimbe umesharudi, na mara nyingi bila kupima kama ile njia iliyolengwa imezibwa kweli ndani ya ubongo. Panya wale wa 2013, wengi walirudiwa na uvimbe baadaye, na mwaka 2016 sababu ikajulikana: makrofeji zilianza kutuma kichocheo kingine cha ukuaji. Ukiziba mlango mmoja unajifunza wa pili uko wapi. Na wakati nao una uzito. Mwaka 2019 wagonjwa 35 waligawanywa, wote wakipewa pembrolizumabu, dawa ya kinga ya kundi moja na nivolumabu iliyoshindwa: walioanza kabla ya upasuaji waliishi miezi 13.7 na walioanza baada yake miezi 7.5. Ni wachache mno kuweza kubadili matibabu, ila ni dawa ileile kwa wagonjwa wa aina ileile, tofauti ikiwa ni kama askari waliamshwa uvimbe ukiwa bado ndani.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayorudiwa sana, ni kwamba ubongo umefungwa: kinga haiingii, basi tusijisumbue. Imani hii ilipata nguvu kutoka kwa majaribio ya mwanasayansi wa Uingereza, Peter Medawar, ya mwaka 1948, ya kupandikiza ngozi kwenye ubongo wa sungura, lakini hata yeye aliona kwamba mwili ukishaamshwa mahali pengine unakishambulia kipandikizi hadi ndani ya ubongo. Mwaka 2015 vikundi viwili, cha Virginia na cha Helsinki, vilionyesha mishipa ya limfu, ambayo husafirisha seli za kinga, kwenye utando unaofunika ubongo wa panya, njia ambayo wengi walidhani haipo. Na mwaka 2024 Stanford waliripoti vijana 11 wenye glioma ya shina la ubongo au uti wa mgongo, ugonjwa unaoua karibu wote, waliopewa seli T zilizorekebishwa. Baadhi walipungukiwa sana na uvimbe, na mmoja uvimbe ulitoweka kwa zaidi ya miezi 30. Kinga inaingia. Kinachoizuia ni yale inayoyakuta humo ndani.

Na mojawapo ya yale inayoyakuta tunayaweka sisi wenyewe. Deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, imetumika kwa uvimbe wa ubongo tangu 1961, madaktari wa Minnesota walipoonyesha jinsi inavyokausha maji yanayojaa kuzunguka uvimbe. Inaokoa maisha: mtu aliyeletwa hajitambui, siku mbili baadaye anakaa na kuomba uji. Nilimwona mjomba wangu kwenye dawa hii. Kichwa kiliacha kuuma, akala vizuri, uso ukamjaa ukawa mviringo, na wageni wakasema amenawiri. Ni shangazi aliyegundua kwamba mapaja yamekwisha nguvu, kwamba hawezi kuinuka kwenye kochi bila kushikwa mkono, na kwamba usiku halali. Deksamethasoni hiyohiyo hupunguza seli T na kuzilaza zilizobaki, ndiyo maana majaribio mengi ya dawa za kinga hayampokei mgonjwa anayetumia dozi kubwa. Utafiti wa 2016 katika jarida la Brain uliihusisha na maisha mafupi, na hapa lazima niwe mkweli kwamba mtego wa mafaili upo pia, kwani aliye mahututi zaidi ndiye anayepewa nyingi. Lakini ushauri wa kutumia dozi ndogo kabisa inayotosha, na kuishusha taratibu mara tu maji yanapopungua, hauhitaji maabara ya Stanford. Kuikata ghafla ni hatari, kwa hiyo kazi ni ya daktari. Swali la dozi itashushwa lini, familia ina haki ya kuliuliza kila kliniki.

Wasomaji wengine watasema haya ni ya Boston na Heidelberg, sisi bado tunapigania mashine. Nawaelewa. Uganda iliwahi kukaa bila mashine ya mionzi hata moja tangu ile ya hospitali ya Mulago ilipoharibika mwaka 2016 hadi mpya ilipofungwa mwishoni mwa 2017. Mgonjwa anayesafiri kutoka Kigoma hadi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, haulizi habari za makrofeji. Bila mionzi na upasuaji mzuri, elimu ya mazingira ya uvimbe haina cha kumsaidia, na kwenye bajeti ya serikali ningeweka mionzi kwanza. Lakini tazama ni dawa zipi sayansi hii inaelekeza: gabapentini, dawa za kifafa, dozi ya steroidi. Wajerumani walianzisha jaribio la perampaneli, dawa ya kifafa inayoziba vipokezi vya glutameti, mgonjwa akipewa kabla na baada ya upasuaji, nusu wakipata kidonge kisicho na dawa. Hizi si seli zinazotengenezwa kwa mtu mmoja kwa mamilioni ya shilingi. Ni vidonge vinavyokaa kwenye rafu, vingine tayari viko Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na hakuna kampuni yenye haraka ya kuvijaribu kwa kuwa faida yake ni ndogo. Vitajaribiwa na hospitali za umma au havitajaribiwa.

Kwa hilo tunahitaji vitu vya kawaida kabisa. Utafiti wa Boston uliwezekana kwa sababu mtu aliandika kwenye faili kwamba mgonjwa alipewa gabapentini, lini, kiasi gani. Kwetu daftari la mgonjwa mara nyingi limeandikwa "endelea na dawa" na tarehe. Tunahitaji faili linalosema deksamethasoni ilianza lini na ikashushwa lini, kifafa kilitokea mara ngapi, dawa ipi ilitumika. Tunahitaji kipande cha uvimbe kihifadhiwe kwenye nta na kipimwe IDH, kipimo ambacho kwa kasoro iliyo ya kawaida zaidi kinafanyika kwa kupaka rangi tishu kwenye maabara ya patholojia. Na tunahitaji mtu wa kumpigia simu mgonjwa kila mwezi baada ya kurudi kijijini, maana takwimu zetu nyingi zinaishia siku alipopanda basi.